Humiki Itokanayo na Mkaa: Yafahamu Haya Kabla ya Kununua

Ardhi ya kichanga, kama ile ya sehemu nyingi za Kisiwa cha Mafia, haihifadhi maji wala virutubisho kwa muda mrefu. Mvua ikinyesha, mbolea huzama kabla mizizi haijaifaidi. Ndiyo maana mkulima wa mihogo au mboga huvutiwa na kimiminika cheusi kiitwacho humiki.

Hutengenezwaje?

Mboji ya asili hutokana na mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza. Mkaa nao una kaboni nyingi, lakini hauyeyuki katika maji. Kiwandani, mkaa uliosagwa hupashwa moto pamoja na asidi ya nitriki, ambayo huivunjavunja kaboni na kuiongezea oksijeni. Kisha hutiwa potasiamu haidroksaidi, na sehemu iliyobadilika huyeyuka na kuwa kimiminika cha kahawia iliyokoza, chenye tabia zinazokaribiana na za mboji.

Usijaribu nyumbani

Asidi hiyo hutoa hewa ya rangi ya kahawia inayodhuru mapafu, na madhara yake huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Potasiamu haidroksaidi huunguza ngozi na huweza kupofusha. Ikikurukia, jioshe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, kisha wahi kituo cha afya.

Jipimie mwenyewe

Tia kijiko kimoja cha bidhaa katika bilauri ya maji safi, koroga, uache hadi asubuhi. Unga mweusi ukituama na maji yakabaki maangavu, yaelekea umeuziwa mkaa uliosagwa tu. Maji yakibaki ya kahawia, usiharakishe kufurahi: rangi ya kawaida nayo huyeyuka. Uthibitisho kamili hupatikana maabara.

Kabla ya kulipa

- Soma lebo: jina la mtengenezaji, viambato na viwango vyake, ujazo, na tarehe ya mwisho wa matumizi.
- Hakikisha bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), iliyoundwa kwa Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009.
- Usinunue kilichopimwa kutoka dumu lisilo na lebo.
- Dai risiti na uitunze; bila hiyo, malalamiko yako hukosa ushahidi.

Kumbuka: humiki huisaidia ardhi kushika virutubisho, haichukui nafasi ya mbolea. Anayekuahidi kuwa dumu moja litamaliza haja ya samadi na mbolea nyingine, anakupotosha.