Mkubwa anataka picha, mahindi yanataka mkono

Mama wa depo, Kaniama,

Barua yako nimeisoma nikacheka, kisha kicheko kikaniishia. Tangu aje mkubwa mpya, naye anakaa Lubumbashi, kila asubuhi kabla ya saa mbili unatakiwa kutuma picha za magunia kwenye WhatsApp, mchana picha nyingine, jioni ripoti. Wakulima wamesimama nje na baiskeli zao zimeelemewa na mahindi, wewe unahangaika kutafuta mtandao. Unauliza: niache kazi? Na mwishoni kabisa umeongeza kwamba mkubwa huyo ni kijana wa kumzaa. Mama, hapo ndipo panapouma, au nakusingizia?

Unasema zamani watu waliaminiwa tu. Samahani, sikubali, hasa kwa mtu wa Kaniama. Mji wenu ni wa reli. Tangu enzi za kampuni ya reli ya BCK, njia ilipofikishwa Ilebo mwaka 1928, hadi shirika la reli la leo, SNCC, mkuu wa stesheni huandika treni imeingia saa ngapi, imetoka saa ngapi, na kuarifu stesheni ya mbele. Hakuna aliyeona ni dharau. Ila yeye aliarifu kazi yenyewe: treni imepita, au haijapita. Wewe unatakiwa kutuma sura ya kazi tu. Gunia la mahindi mabichi na gunia la mahindi makavu, kwenye picha, ni mapacha.

Na hapo ndipo ulipojidharau. Umeandika, “mimi ni wa kuhesabu magunia tu.” Hapana, mama. Wewe ndiye unayetia mkono ndani ya gunia, unauma punje, unamwambia mkulima akaanike tena. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu unaozidi asilimia 13 au 14 huota ukungu, na ukungu huo unaweza kuacha sumu ya aflatoksini, ambayo haionekani kwa macho na huharibu ini. Hapo jirani, Kaniama-Kasese, Service National, idara ya serikali, hulima mashamba makubwa, na tangu 2020 vijana wa mitaani wamepelekwa huko kutoka Kinshasa. Mavuno yote hayo, ya serikali na ya mkulima wa baiskeli, yanaweza kuozea depo. Anayekula bukari Mbuji-Mayi hakujui, lakini usalama wake umepitia mkononi mwako.

Mkubwa wako hajui hayo kwa sababu hujamwambia. Ulichomwambia ni ule ujumbe wa sauti uliotuma kwenye grupu la WhatsApp la kazi saa nne usiku, wenzako wote wakisikiliza. (Ungenitumia mimi kwanza!) Kijana aliye mbali na anayeogopa wizi ataomba picha, angeomba nini kingine? Mpe kitu bora: ujumbe mmoja kila jioni, magunia yaliyoingia, yaliyorudishwa kwa unyevu, wakulima waliolipwa. Muombe kipimo cha unyevu. Mualike aje siku moja wakati wa mavuno, naye atie mkono kwenye gunia.

Akikataa yote hayo, niandikie tena, tutazungumza habari ya kuondoka. Kwa sasa usiache kazi. Mpigie simu Jumatatu asubuhi, nyinyi wawili tu, na grupu usiku uliache lilale.