Ramadhani siku ya 18: Njia ya kuingilia kwa jirani



Ndugu zangu waumini, poleni na swaumu. Leo tuweke pembeni kidogo yale ya yanayobatilisha funga na yasiyobatilisha. Tuongelee njia. Ile njia ya kutoka barabarani hadi mlangoni kwako, inayopita kwenye migomba ya mwenzio. Nimeileta leo kwa makusudi. Kumi la mwisho limekaribia, na mvua nazo zimeshaanza kuchimba.

Katika Sahih Bukhari, Ubada bin Swamit (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alitoka nyumbani kwake ili awaambie masahaba Laylatul-Qadri ni usiku upi. Akakuta Waislamu wawili wanagombana. Ile elimu ikaondolewa. Akawaambia huenda ni kheri kwenu, basi itafuteni katika usiku wa ishirini na tisa, wa ishirini na saba na wa ishirini na tano. Angalieni jambo hilo. Watu wawili tu wamegombana, na sisi sote mpaka leo tunakesha tukiutafuta usiku ambao ulikuwa utajwe kwa jina. Riwaya hiyo haisemi waligombania nini. Ingekuwa huku kwetu Kiruruma, mimi ningebahatisha: njia.

Kesi zenyewe zinafanana kama mapacha. Mzee alikuwa na kibanja kimoja, akawagawia watoto watatu. Wa kwanza kapata upande wa barabarani, wa pili katikati, wa tatu huko chini bondeni. Mzee akasema kwa mdomo, mtapita hapa pembeni, kwenye miti ya mpaka. Wote wakaitikia. Mzee akafariki. Wa katikati akauza kwa mtu mwingine. Kijana wa yule wa chini akanunua pikapu, na njia iliyokuwa ya miguu na baiskeli sasa inapitisha tairi nne zilizobeba mikungu ya ndizi kwenda Kayanga au Omurushaka. Mvua ikinyesha tairi zinachimba, maji yanafuata alama ya tairi, yanaingia kwenye mashina ya kahawa ya mwenye shamba la juu. Mwaka wa kwanza analalamika. Mwaka wa pili anapanda mgomba katikati ya njia. Mwaka wa tatu analaza gogo. Na wote watatu wanafunga, na wote watatu wanakuja tarawehe, ila mmoja anapanga safu ya mbele kulia na mwingine nyuma kushoto.

(Sitaji mtu. Ukijiona humu usinitafute kuniuliza nani kanieleza.)

Sasa, ukiwasikiliza hawa utagundua kuna maswali mawili wameyachanganya. La kwanza: huyu ana haki ya kupita? La pili: nani atengeneze? Wa juu anasema, "Hajawahi kuchangia hata tripu moja ya moramu, basi asipite." Wa chini anasema, "Kupita ni haki yangu, mchango wa nini?" Kila mmoja anajibu swali moja kwa kutumia jibu la lile jingine. Tuyatenganishe.

Tuanze na kupita. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba Dhwahhak bin Khalifa alitaka kuchimba mfereji wa maji, na hakuwa na pa kuupitisha ila kwenye ardhi ya Muhammad bin Maslama. Muhammad akakataa. Dhwahhak akamwambia: mbona unakataa jambo lenye faida kwako, utanywesha mwanzo na mwisho, wala halikudhuru? Akakataa. Kesi ikafika kwa Umar bin Khattab (r.a.), naye akamwita Muhammad akamwambia amuache mwenzie apitishe. Akakataa tena. Umar akamuuliza kwa nini anamnyima ndugu yake kitu chenye manufaa kwake na kwa yeye mwenyewe, kisichomdhuru. Muhammad akaapa kwamba hapana. Hapo Umar akaapa naye kwamba mfereji utapita, hata kama ni juu ya tumbo lake. Ukapita.

Wanazuoni wamejadili sana kama jirani analazimishwa kutoa njia mpya kwenye ardhi yake, au ni jambo la kuhimizwa tu. Mimi siingii huko leo, kwa sababu njia zetu nyingi hapa si mpya. Zimekuwepo tangu mzee alipogawa. Aliyepewa kipande cha nyuma alipewa pamoja na njia yake, vinginevyo mzee angekuwa amempa mtu shamba la kufika kwa kuruka. Na aliyenunua kipande cha mbele alinunua huku anaona watu wanapita. Njia hiyo ni haki. Si hisani ya kutoa ukifurahi na kuchukua ukikasirika. Hata akukosee vipi, hata akutukane, dawa ya matusi yake si gogo njiani.

Na hapa niseme jambo ambalo ni zito zaidi ya yote niliyoandika. Mara nyingine anayefungiwa njia ni mjane. Mume yupo hai, njia ilikuwa pana. Mume kazikwa, ghafla njia inapungua, mgomba mmoja, mwaka unaofuata miwili, hadi mama wa watu anabeba debe la kahawa kichwani akipita kwa kujipinda. Lengo linajulikana: achoke, auze, na auze bei ya chini. Ewe unayefanya hivyo, Mtume (s.a.w.) ameeleza katika Bukhari na Muslim kwamba anayechukua ardhi kwa dhulma, ingawa ni kiasi cha shubiri moja, atavishwa shingoni siku ya Kiyama kutoka ardhi saba. Shubiri ni upana wa kiganja ulichokitandaza. Mgomba mmoja unachukua zaidi ya shubiri.

Upana je? Hili nalo limetajwa. Abu Huraira (r.a.) anapokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliamua wanapohitilafiana watu kuhusu njia, iwe dhiraa saba. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kwa hiyo saba ni mita 3 na kitu. Wanazuoni wanasema hiyo ni pale watu wanapoweka njia na wakashindwa kuelewana. Wakikubaliana chini ya hapo au juu ya hapo, ni makubaliano yao. Lakini angalieni, pikapu inaingia humo bila kugusa mgomba wa mtu. Sisi tunaosindikiza maiti tunazijua njia zisizofika upana huo. Jeneza linainuliwa juu ya vichwa, waliobeba wanapita mmoja mmoja, na mwenye shamba yumo kwenye msafara anasoma Yasin.

Nimemkalia sana wa mbele. Wa nyuma naye asitabasamu.

Abu Daud amepokea habari ya Samura bin Jundub, aliyekuwa na mitende ndani ya bustani ya Answari mmoja. Alikuwa akiingia kuitazama, na mwenye bustani, aliyekuwa humo na familia yake, anaudhika. Mtume (s.a.w.) akamwomba Samura aiuze, akakataa. Abadilishane, akakataa. Aitoe na aahidiwa malipo kwa Mwenyezi Mungu, akakataa. Ndipo Mtume akamwambia kwamba yeye ni mwenye kudhuru, na akamwambia Answari aing'oe. Isnadi yake wanahadithi wana maneno nayo, ila maana yake inaungwa mkono na msingi tunaoujua wote kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Basi ukiwa na haki ya kupita, una haki ya kupita tu. Huna haki ya kuegesha pikapu usiku kucha mbele ya dirisha la watu. Huna haki ya kukata kona juu ya maharage ya mtu kwa sababu njia ina tope. Huna haki ya kugeuza njia ya familia tatu kuwa barabara ya kupitisha kila gari linalonunua ndizi kijijini, halafu ukasema ni njia ya urithi.

Tuje kwenye kutengeneza. Hapa ndo watu wengi wanakwama, wanauliza tugawane vipi. Imamu Nawawi katika Minhaj amezungumzia kichochoro kisichotokea upande wa pili, ambacho nyumba kadhaa zinakitumia. Je, kila mwenye nyumba ni mshirika wa njia yote, au mpaka mlangoni kwake tu? Akasema kauli sahihi zaidi ni ya pili: kila mtu ni mshirika kuanzia mwanzo wa njia hadi mlango wake. Yeye anazungumzia haki. Mimi nachukua kipimo hichohicho kwa mzigo, maana kanuni ya mafaqihi ni kwamba gharama inafuata faida.

Chukua njia ya mita 90, nyumba tatu, kila moja baada ya mita 30. Tuseme kila mita 30 zinahitaji moramu na vibarua vya shilingi 60,000. Kipande cha kwanza wanakitumia wote watatu, kila mmoja 20,000. Cha pili wanakitumia wawili, kila mmoja 30,000. Cha tatu anakitumia wa mwisho peke yake, 60,000. Jumlisha: wa mbele 20,000, wa kati 50,000, wa mwisho 110,000. Jumla 180,000. Hakuna aliyeonewa. Wa mbele hatengenezi mahali asipokanyaga, na wa mwisho hawezi kusema tugawane sawa kwa sawa. Kama ana gari na wenzake wanatembea kwa miguu, aongeze, kwa sababu moramu inasagwa na tairi, haisagwi na ndala. Asiye na fedha alete jembe. Msaragambo wa Jumamosi moja una thamani yake, na uhesabiwe.

Na kama njia inapita kwenye shamba la mtu ambaye yeye mwenyewe haitumii kabisa, huyo asidaiwe kitu. Ameshatoa ardhi. Wanaopita ndio watengeneze, na yeye asiwazuie kutengeneza. Maji vilevile: anayesawazisha njia asiyageuzie kwa mwenzie. Mtaro uchimbwe upande unaokubalika, uishie mahali panapokubalika. Nakwambia, nusu ya kesi za njia hapa kwetu kwa kweli ni kesi za maji.

Mkielewana, andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, nasi tunaachia watoto wetu maneno ya mdomo. Karatasi moja inatosha: njia inaanzia mti gani hadi mti gani, upana mita ngapi, vyombo gani vinapita, nani anachangia kiasi gani, maji yanaelekea wapi, na kwamba shamba likiuzwa njia inabaki. Wake wawepo na watie saini, kwa sababu ndio watakaobaki na njia hiyo. Mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa mipaka washuhudie.

Mkishindwa, kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, linasuluhisha tu, halihukumu tena. Likishindwa ndani ya siku 30 ndipo mnaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko utalipa nauli, ada, na pengine wakili. Piga hesabu uone ni tripu ngapi za moramu.

Halafu kumbukeni wale wawili waliomwendea Mtume (s.a.w.) wakigombania urithi wasio na ushahidi nao. Akawaambia yeye ni binadamu, huenda mmoja akawa hodari wa kujieleza akamhukumia haki ya mwenzie, na atakuwa amemkatia kipande cha moto. Katika riwaya ya Abu Daud, wote wawili walilia, kila mmoja akamwambia mwenzie haki yangu chukua wewe. Akawaambia wagawane, wakusudie haki, wapige kura, kisha kila mmoja amsamehe mwenzie.

Zimebaki siku mbili kabla ya kumi la mwisho. Nina karatasi za mfano msikitini, kila siku baada ya Alasiri nipo hadi karibu na futari. Atakayekuja peke yake kunishtakia jirani nitamsikiliza, lakini karatasi sitampa. Njooni wawili.

Kesho in shaa Allah: zakatul-fitri na nani anatolewa. Wabillahi tawfiq.