Somo la 23: Bahari Katika Chombo cha Kioo

Yuko mnyama wa baharini ambaye wengi wamwonapo hudhani kuwa ni ua. Hana kichwa wala mifupa. Chini ana unyayo ushikao mwamba. Juu ana kinywa kimoja, nacho kimezungukwa na minyiri mingi laini. Wazungu humwita anemoni, ambalo kwao ni jina la ua. Lakini minyiri yake ina sumu, na samaki mdogo aigusapo hunaswa, akavutwa kinywani.

Mnyama huyu aweza kufugwa katika chombo cha kioo, ila amfugaye hana budi kumfugia na bahari yake.

Chombo kiwe kipana, wala shaba isiguse maji, kwa maana shaba ni sumu kwa wanyama hawa. Tandaza mchanga uliooshwa, panga mawe, kisha mimina maji ya bahari yaliyochotwa mbali na mlango wa mto na taka za mji. Lita moja ya maji hayo huwa na chumvi kadiri ya gramu 35. Maji yakikauka chumvi haiondoki, bali yaliyobaki huzidi ukali. Kwa hiyo tia alama juu ya kioo mahali maji yafikapo. Yakipungua, ongeza maji matamu, si ya chumvi.

Tena mnyama huhitaji hewa iliyomo majini. Mwaka 1846 Bibi Anna Thynne alichukua matumbawe hai, ambayo ni jamaa za anemoni, kutoka Torquay, pwani ya Uingereza, akayapeleka London. Kila siku maji yao yalimiminwa kutoka chombo hiki hata kile, mbele ya dirisha, yapate hewa. Baadaye aliweka mwani, ukamsaidia, kwa kuwa mwani ukipata mwanga hutoa hewa ya oksijeni.

Chakula kiwe kidogo: kipande cha kome au samaki. Masalio yaondolewe siku ile ile, maana yakioza huharibu maji yote.

Je, kazi hii ndogo ya kila siku ina faida gani? Mwaka 1828, huko North Berwick katika nchi ya Uskoti, Sir John Dalyell alitwaa anemoni mmoja, akamweka katika chombo cha kioo na kumbadilishia maji ya bahari. Dalyell akafa mwaka 1851, lakini mnyama alibaki. Akapokewa na mlinzi mmoja baada ya mwingine, hata akafika Bustani ya Mimea ya Edinburgh. Watu wakamwita Granny, yaani Bibi, naye alizaa watoto zaidi ya 300. Alikufa mwaka 1887, baada ya miaka 59 chomboni. Kama mlinzi mmoja tu angalikuwa mvivu, Bibi asingalifika siku hiyo.

Lakini si wote waliokuwa na uangalifu huo. Mwaka 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu cha kufundisha ufugaji huu. Watu wengi wakashuka pwani na vikapu, wakabandua wanyama miambani hata unyayo ukachanika, na vidimbwi vingi vikabaki vitupu. Gosse mwenyewe alihuzunika sana. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Nasi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tunao anemoni katika miamba yetu. Wengi wao wana mwani mdogo mno ndani ya miili yao, uwalishao kwa nguvu ya jua. Wakitiwa katika chombo chenye giza hudhoofika. Basi maji yakipwa, nenda ukainame penye kidimbwi, utazame, usibandue. Chombo hicho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiandaa, na maji yake huyabadilisha kila siku.

MASWALI

1. Kwa nini maji yaliyopungua huongezwa maji matamu?
2. Mwani una kazi gani chomboni?
3. Granny aliishi miaka mingapi baada ya kufa kwake Dalyell?
4. Eleza kwa maneno yako sababu ya huzuni ya Gosse.