Gurudumu la Tano: Wenzo Uliofichika katika Lori la Trela

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, na wapagazi waliingia mjini humo wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Mtu yeyote aliyewahi kubeba mzigo kwa mti mmoja pamoja na mwenzake anajua jambo moja: kamba ya mzigo ikiteleza kuelekea kwa aliye mbele, wa mbele huelemewa na wa nyuma hupumua, ingawa mzigo wenyewe haukuongezeka hata ratili moja. Elimu hiyo ya mabegani ndiyo msingi wa somo letu la leo.

Siku hizi mizigo ya mwambao huu huchukuliwa na malori ya trela. Saruji ya Wazo Hill, kwa mfano, yaweza kupita Bagamoyo, ikaingia Msata, kisha ikaelekea Tanga au Arusha. Siku moja, katika mizani moja ya barabarani, nilimkuta dereva mtu mzima ameketi kivulini, na utingo wake anashusha mifuko ya saruji. Nilimwamkia na kumuuliza kulikoni. Akanijibu: "Mwanangu, jumla ya uzito wangu haikuzidi. Wanasema nimezidisha nyuma ya kichwa. Sasa uzito umezidije bila ya kuzidi?" Swali hilo lastahili jibu kamili, nami sikuweza kulitoa vizuri kabla mifuko 40 haijashushwa. Makala haya ni jibu langu lililochelewa.

Gurudumu la tano ni nini?

Lori la trela lina sehemu mbili: kichwa, ambacho kina injini na usukani, na trela, ambayo haina magurudumu upande wa mbele. Mbele ya trela, upande wa chini, pamechomoza pini nene ya chuma iitwayo kingipini. Pini hiyo huingia na kufungwa katika sahani kubwa ya chuma iliyo juu ya magurudumu ya nyuma ya kichwa. Sahani hiyo ndiyo inayoitwa gurudumu la tano. Jina hilo limerithiwa kutoka magari ya kukokotwa na farasi, ambayo, mbali na magurudumu yake manne, yalikuwa na duara la chuma lililolala juu ya ekseli ya mbele ili ekseli hiyo iweze kugeuka.

Katika vichwa vingi sahani hii imefungwa mahali pamoja. Katika vingine imewekwa juu ya reli mbili zenye meno au matundu, nayo yaweza kusogezwa mbele au nyuma kisha ikafungwa tena kwa pini. Sahani ya namna hii ni wenzo kamili. Asiyeijua kanuni yake huibeba safari nzima bila ya kuitumia.

Kanuni yake

Tuuite uzito ambao trela inaukandamiza juu ya sahani U. Umbali kutoka ekseli ya usukani hadi katikati ya ekseli mbili za nyuma za kichwa tuuite M. Umbali ambao sahani imesogea mbele ya katikati hiyo tuuite S. Kwa kanuni ya wenzo, uzito unaohamia ekseli ya usukani ni U mara S, gawanya kwa M. Uzito huohuo hupungua katika ekseli za nyuma za kichwa.

Sasa tuchukue mfano uliorahisishwa, lakini unaofanana sana na hali ya yule mzee. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 18 kwa ekseli mbili zenye magurudumu pacha, na tani 24 kwa ekseli tatu za trela zenye magurudumu pacha. Jumla yake ni tani 50.

Kichwa kitupu kina tani 5 mbele na tani 4 nyuma. Trela inakandamiza sahani kwa tani 16, na ekseli zake zenyewe zinabeba tani 24. Jumla ya lori zima ni tani 49. Dereva amesema kweli: jumla haikuzidi. Lakini sahani ikiwa katikati kabisa ya ekseli za nyuma za kichwa, tani zote 16 huziangukia ekseli hizo. Ukijumlisha na tani 4 za awali utapata tani 20, yaani tani 2 zaidi ya kiwango.

Je, mzigo usukumwe nyuma ya trela? La, kwa kuwa ekseli za trela zimekwisha kufika mpaka wake. Mahali pekee penye nafasi ni ekseli ya usukani, yenye tani 5 tu. Ikiwa M ni mita 4, tukisogeza sahani mbele kwa mita 0.5, uzito utakaohama ni 16 mara 0.5, gawanya kwa 4, yaani tani 2 kamili. Mbele zitakuwa tani 7, nyuma tani 18, na hapana mfuko hata mmoja ulioshushwa. Tani 2 ni mifuko 40 ya saruji ya kilo 50.

Lakini dawa ikizidi huwa sumu. Sahani ikisogezwa mita 0.8, mbele patakuwa na tani 8.2, na kosa litakuwa limehama tu. Tena, kiwango cha mtengenezaji wa gari chaweza kuwa chini ya kile cha sheria, kisomwe kwanza. Na ikumbukwe kwamba kusogeza sahani hakubadili hata kidogo uzito ulio juu ya ekseli za trela. Huo hurekebishwa kwa kupanga mzigo.

Barabara nayo inafaidika

Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 huharibu barabara karibu mara moja na nusu ya ile ya tani 9. Katika mfano wetu, hata tukihesabu nyongeza ya ekseli ya usukani, uharibifu unaotokana na kichwa hupungua kwa karibu robo.

Namna ya kusogeza sahani

1. Simamisha lori mahali tambarare, kichwa na trela vikiwa katika mstari mmoja ulionyooka. Watu wote wakae mbali.

2. Funga breki za trela, kisha fungua pini za reli. Angalia usije ukafungua kufuli la kingipini. Hilo ni jambo jingine kabisa.

3. Kwa kuwa trela imesimama, kinachosogea ni kichwa. Ili sahani iende mbele, kichwa kirudi nyuma, polepole sana. Wanafunzi wengi hukosea hapa.

4. Funga pini, kisha jaribu kuvuta taratibu, breki za trela zikiwa bado zimefungwa. Shuka ukaangalie kwa macho, kwa tochi ikibidi, kwamba kila pini imeingia katika tundu lake.

5. Hakikisha kwamba pembe za trela hazitagonga kabini wakati wa kukata kona, na kwamba miguu ya trela haitagusa kichwa. Kisha pima uzito upya.

Kwa madereva wa mwambao kuna nyongeza. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Pini iliyoshika kutu yaweza kuonekana imefungwa, kumbe imeishia njiani. Reli zisafishwe mchanga na kupakwa grisi mara kwa mara.

Zoezi

U ni tani 14, M ni mita 3.5, na sahani imesogezwa mbele sentimita 25. Ni uzito gani umehama? Jibu ni tani 1, sawa na mifuko 20. Msomaji aliyelipata atambue kwamba amekwisha kumjibu yule mzee: uzito haukuzidi, ulikuwa umelemea bega moja.