Baba Mkwe Anaruka Shimo

*Shikamoo Shangazi. Kila Ijumaa baada ya isha tunakutana barazani kwa baba mkwe wangu kucheza bao, mimi na marafiki wanne watano. Mzee ni fundi tangu ujana wake. Lakini siku hizi akigawa kete anaruka shimo, na kila akiruka, kete ya mwisho inatua pale pale pa kunila. Wenzangu wanaona, wananikonyeza, hakuna anayesema. Mke wangu anataka nimwachie tu baba yake ashinde. Nivumilie mpaka lini?*
*Mkwe, Bagamoyo*

Marahaba, mwanangu.

Kama nisingelijua bao ningekwambia ni macho ya uzee, ongeza taa barazani. Lakini macho mabovu hukosea huku na huku, leo hasara, kesho faida. Ya mzee wako yanakosea upande mmoja tu. Anajua anachofanya.

Wasiocheza wataona ni jambo dogo. Si dogo. Kete ya mwisho ikitua kwenye shimo tupu, unalala, zamu imekwisha. Ukiruka shimo moja, ikatua penye kete na mkabala wake zipo za mwenzako, unazila, unaendelea, na pengine unavunja mchezo mzima. Kete 64 katika mashimo 32, na zote zinahama kila mara: nani atathibitisha baadaye? Ndiyo maana mchezaji wa bao anajengwa na jina lake, na nadhani hilo ndilo linalomtia mzee hofu. Fundi huona mizunguko kadhaa mbele kabla hajagusa kete. Kichwa kikianza kuchelewa, mkono unajaribu kufidia.

Shauri la mke wako usilifuate. Fundi anapoachiwa hujua, na kuachiwa na mkwe ni kumwambia waziwazi kwamba amekwisha. Wala usimkosoe mbele ya watu. Wewe umeoa kwake, mdomo wako hauwezi kubeba neno hilo hata likiwa kweli. Kumwita pembeni ni vibaya zaidi, kwa sababu hapo itabidi akane.

Yuko mmoja tu anayeweza kulisema, naye ni mjukuu. Mjukuu ni mtani wa babu yake. Mkalishe mwanao kando ya ubao, mwambie babu amfundishe: hii nyumba, inaanza na kete sita, hizi 22 za mkononi ndizo za kunamua, hiki kichwa, hii kimbi. Mtoto anayejifunza huhesabu kwa sauti, shimo kwa shimo, na mwalimu hulazimika kugawa polepole. Siku mkono ukiteleza, mtoto atapiga kelele, "Babu, umeruka!" Baraza litacheka, mzee atamwita mjukuu wake mwizi wa ubwabwa, kete itarudi mahali pake. Hakuna atakayekuwa ameshtakiwa. Jumamosi hakuna shule, kwa hiyo kuchelewa kulala si kisingizio.

Hao marafiki waambie waache kukonyezana. Mzee anayeona kete ya kula upande wa pili wa ubao, konyezo analiona pia.

Na kama huna mtoto wa umri huo, mwazime wa shemeji yako. Naye ni mjukuu.