Matone Mawili na Mlango Uliofungwa

Polio ni ugonjwa wa kupooza, nao huwashika hasa watoto wasiotimiza miaka 5. Kijidudu chake hukaa matumboni, hutoka pamoja na choo, kiisha huingia kwa mwingine kwa njia ya mikono, maji au chakula kichafu. Walio wengi hawaonyeshi dalili yoyote. Lakini kati ya watu 200 walioambukizwa, mmoja hivi hulemaa daima. Dawa ya kuuponya haipo. Kinga ipo, nayo ni chanjo.

Mwaka 1995 serikali ya India ilianza kuweka siku maalum za kuwapa watoto wote matone ya chanjo. Wanachama wa Rotary kutoka Marekani, Ulaya na nchi nyingine walisafiri kwenda kusaidia, wakijilipia nauli wenyewe.

Kazi yao ilikuwa nyepesi kuitaja. Siku ya kwanza walikaa pamoja na wenyeji penye meza ya chanjo, na kasha la barafu kando yao, kwa maana dawa huharibika kwa joto. Kila mtoto alitiwa matone mawili kinywani, kisha kidole kidogo cha mkono wa kushoto kikapakwa wino, ili asisahauliwe wala asihesabiwe mara mbili. Siku zilizofuata waliendea nyumba kwa nyumba. Palipochanjwa watoto wote, ukutani paliandikwa P kwa chaki. Alipokosekana hata mtoto mmoja, paliandikwa X.

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Katika vijiji vya Uttar Pradesh, wazazi wengine walifunga milango. Walikuwa wamesikia uvumi kwamba matone huwafanya watoto kuwa tasa. Wengine waliuliza: “Mbona mnakuja mara nyingi kwa matone haya, na homa ya mtoto wangu hakuna anayeitazama?” Ulizo hilo lilikuwa la haki. Mgeni hakuweza kulijibu, maana hakujua lugha wala hakufahamika na mtu.

Basi aliyebisha hodi tena alikuwa mama wa kijiji kile kile. Walimu na viongozi wa dini ya Kiislamu nao walisema na wazazi; mahali pengine waganga waliletwa kuwatibu wenye magonjwa mengine. Mgeni alibeba kasha, akasimama nyuma, akangoja. Nyumba zenye X zilirudiwa.

Mtoto wa mwisho kupoozwa na polio ya asili katika India aliugua mwezi wa Januari 2011, katika jimbo la West Bengal. Tarehe 27 Machi 2014 ilithibitishwa rasmi kwamba polio hiyo imekwisha katika India na nchi nyingine 10 za eneo lake.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mlango hufunguliwa na mwenyeji.

MAULIZO

1. Kwa nini mtoto alipakwa wino kidoleni?
Ili ijulikane kwamba amekwisha kuchanjwa.

2. Alama ya X ilikuwa na maana gani?
Kwamba mtoto mmoja au zaidi hajachanjwa, yapasa kurudi.

3. Mzazi anayekataa ajibiwe namna gani?
Asikemewe. Hofu yake isikilizwe, naye aelezwe na mtu anayemwamini.

4. Je, mgeni alifanya kazi bure?
La. Alisaidia kweli, alipokubali kuwa msaidizi.