Alama ya 貝: Kauri Iliyobaki Ndani ya Maandishi ya Kichina

Samaki huchorwa, mlima huchorwa. Mali je? Mali haina umbo. Wachina wa kale waliandika mambo ya mali kwa kuchora kitu ambacho kila mtu alijua kuwa ni cha thamani: kauri, ambayo hapa pwani huitwa pia kete.

Igeuze kauri chali. Katikati ina ufa mrefu wenye kingo za menomeno. Sasa tazama alama zilizochongwa kwenye mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe huko Anyang, China, yapata mwaka 1200 kabla ya Kristo, wafalme wa nasaba ya Shang walipopiga ramli: pande mbili zilizopinda, na vistari katikati. Baada ya karne nyingi mchoro huo ulinyooka ukawa 貝.

Kwa nini kauri? Ni ndogo, ngumu, huhesabika, na huishi katika bahari za joto, mbali na Anyang. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme wa Shang, lilipofukuliwa mwaka 1976 lilikutwa na kauri zaidi ya 6,000.

Mchoro ukishapata maana, huweza kuingia ndani ya alama nyingine. Wavu juu ya kauri ni 買, kununua. Katika 財, mali, kauri inaonyesha maana, na 才 inaonyesha matamshi. Katika 貧, umaskini, juu ya kauri kuna 分, kugawa, ambayo pia inadokeza sauti. Dola ya Qin iliiunganisha China mwaka 221 kabla ya Kristo na kutumia sarafu za shaba, lakini kauri ikabaki katika maandishi.

Hapa tuwe waangalifu. 貝 hutamkwa takriban "bei". Msomaji wa Kiswahili atashtuka, lakini bei yetu imetoka Kiarabu. Sauti zimekutana kwa bahati tu. Hata maumbo hudanganya. Alama 則, kanuni, leo inaonekana kuwa kauri na kisu. Rudi kwenye maandishi ya vyombo vya shaba vya enzi ya Zhou: pale pa kauri pana 鼎, chungu cha miguu mitatu. Waandishi wa baadaye walikifupisha chungu hadi kikafanana na kauri.

Kinyume chake pia hutokea. Katika mwandiko uliorahisishwa China miaka ya 1950, 財 imekuwa 财, kauri ingalimo. 買 imekuwa 买, na kauri imetoweka, ingawa maana ni ileile.

Kwa hiyo umbo la leo ni dokezo tu. Anayetaka asili ya alama alitafute umbo lake la kale kabisa, aone lilitumika katika sentensi gani, kisha ndipo aseme linamaanisha nini.